Samaki wa Mama na Kadi ya Kura

Mama alitoa kadi yake ya kura kwa mkono wake mwenyewe, mchana kweupe, akarudi kwenye karai lake la samaki akitabasamu. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisimulia uchaguzi wa miaka ile ya tisini hupenda kusema kadi za maskini ziliibwa. Hakuna aliyeiba. Mwenyekiti wa mtaa alipita akiziomba kwa adabu, akina mama wa Kambi Muru, mtaa wetu huko Kibera, wakampa, na wakamwambia asante. Ndiyo maana nilipandwa na hasira, na sina hakika kama imeshuka mpaka leo.

Wakati huo nilikuwa nimeshahama Kibera, nimepanga chumba changu mtaa mwingine, Kawangware 46, lakini kila Jumapili baada ya kanisa nilikwenda kwa Mama. Alikuwa akiuza mgongo wazi. Asiyemjua samaki huyo nimweleze: ni sangara aliyekwisha kuvuliwa minofu. Minofu inapanda ndege kwenda kuliwa ng'ambo, sisi tunabakishiwa kichwa, mifupa na mkia, tunavikaanga mpaka viwe vyekundu na tunavila kwa ugali huku tukilamba vidole. Meza ya Mama ilikuwa ya mbao, kando ya njia, na meza hiyo ndiyo iliyonisomesha mpaka nikapata cheti cha kupiga chapa. Haikuwa na leseni. Ilisimama pale kwa sababu mwenyekiti alikubali isimame.

Jumapili hiyo nilimkuta akiimba. Nilipomuuliza kuna nini, alinieleza bila kuacha kugeuza samaki.

"Chairman anaandikisha watu wa vibanda. Soko mpya inajengwa, ya mabati, na simiti chini. Ukitaka kibanda unapeana kadi ya kura, halafu unarudishiwa."

"Unarudishiwa lini?"

"Baada."

"Baada ya nini, Mama?"

Akageuza samaki mwingine. "Baada ya kura."

"Na ukirudishiwa baada ya kura utaifanyia nini? Utakaangia samaki?"

"Nyara, usinipandishie sauti," alisema, akiniita binti yake kwa Kijaluo kama alivyofanya kila nilipomkera. "Kitambulisho si ninayo? Hiyo ingine ilikuwa inakaa tu bure."

Hapa lazima nimtetee kidogo. Kwetu kuacha kadi kwa mtu lilikuwa jambo la kila siku. Ukiazima sufuria kubwa za matanga, unamwachia mwenye sufuria kitambulisho. Ukikodi mkokoteni, unaacha kitambulisho. Ukiingia jengo la mjini, askari wa mlangoni anabaki nacho. Shida ni kwamba ukikutana na polisi huna kitambulisho, unalala ndani. Basi akina mama wakagundua ujanja wao: wakawa wanaacha kadi ya kura, kitambulisho kinabaki kwenye leso. Kadi ya kura ikawa kama tairi la akiba. Niliwahi kuziona zimechomekwa ukutani kwa mwenye mikokoteni, kila moja na msumari wake. Mwenyekiti aliijua desturi hiyo kuliko sisi tulioizoea. Hakuhitaji kumtisha mtu. Aliomba rehani tu, kama mtu yeyote anavyoomba.

Na nisimsingizie, alikuwa mtu wa kusalimu. Alikuwa mwenyekiti wa Kambi Muru lakini alilala Ayany, kwenye nyumba ya mawe yenye geti, na akikuuliza habari za watoto alisimama kusubiri jibu. Mtu wa namna hiyo ni vigumu kumnyima kitu.

Nilirudi Kawangware usiku huo nikiongea peke yangu njiani.

Kazini kwetu tuliuza vyondo, vile vikapu vya mkonge, na vinyago ng'ambo. Ofisi ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vitambaa katikati ya mji, na mwaka ule bosi alikuwa amechoka na gharama ya faksi, akaleta imeli. Hatukuwa na neno jingine la kitu hicho. Kompyuta iliunganishwa na laini ya simu, ikalia kama paka aliyekanyagwa mkia, ukasubiri, ukaomba asitokee mtu wa kuinua mkono wa simu katikati. Karani mmoja Mkenya, aliyefanya kazi kwa mnunuzi wetu wa ng'ambo, ndiye aliyenionyesha jinsi ya kujiunga na kitu alichokiita baraza. Ukituma ujumbe mmoja pale, unawafikia Wakenya waliotapakaa duniani kote, na wote wanaweza kukujibu. Kutwa walibishana juu ya katiba na uchaguzi. Nilikuwa nikiwasoma bosi akienda kula, na sikuwa nimeandika hata neno.

Jumatatu hiyo niliandika. Nilisema mwenyekiti wa mtaa amekusanya kadi za kura za akina mama kwa ahadi ya vibanda, na nikauliza: sheria inasemaje, na mtu afanye nini?

Kesho yake nilikuta majibu. Mmoja aliandika kurasa nzima juu ya wakoloni. Mwingine alinisahihisha Kiingereza. Wa tatu, kutoka nchi fulani ya baridi, alisema watu wa Kibera huuza kura zao halafu hulia kwamba wameonewa. Niliposoma hilo nilisikia masikio yanawaka. Nilimjibu palepale, na bosi alikuwa ameketi nyuma yangu. Nilimwambia mama yangu hajauza kitu, ameahidiwa sakafu ya saruji, na yeye anayekanyaga zulia asimcheke. Nikamwambia kama hana jibu la swali anyamaze, maana laini hii ya simu inalipiwa.

Jibu la kweli lilikuja siku iliyofuata, fupi, kutoka kwa mwanasheria mwanamke. Alisema kadi ya kura ni ya mwenyewe. Kuzikusanya na kuzishika kadi za watu wengine ni kosa la jinai, hata kama walizitoa kwa hiari. Mwenyewe anayo haki ya kuidai wakati wowote, na akinyimwa aripoti na aombe nyingine mapema kabla ya siku ya kura. Mwisho akaongeza: wasiende mmoja mmoja. Chini ya jina lake aliweka anwani ya ofisi, na nilipoisoma nilicheka mpaka bosi akageuka. Jengo lenyewe lilikuwa barabara ya nyuma yetu. Paa lake nililiona dirishani. Swali langu lilikuwa limezunguka dunia nzima kumtafuta mtu ambaye ningemwita kwa mluzi. Lakini nisingethubutu kupanda ngazi zake. Ningeulizwa nimetumwa na nani, nina miadi gani. Kwenye imeli hakuna askari wa mlangoni.

Niliyageuza maneno yake kuwa Kiswahili cha sokoni. Kadi ya kura ni yako. Mtu mwingine hana ruhusa kuishika. Anayeishika anavunja sheria, awe nani. Idai leo. Usiende peke yako. Nikayachapa kwenye ile printa yetu iliyokwaruza mstari kwa mstari, kwenye karatasi ndefu zenye matundu pembeni, na bosi akanikuta. Alisoma mpaka mwisho. Akaenda kufunga dirisha, ingawa kulikuwa na joto.

"Jina la ofisi yangu lisionekane hapo," alisema, akachukua koti lake akateremka kwenda kula mapema.

Miaka ile watu walipoteza kazi kwa mambo madogo kuliko hayo. Kwake yeye, kushuka ngazi na kuniachia printa kulikuwa ujasiri, na nilimheshimu kwa hilo.

Jumamosi nilizibandika Kambi Muru: kwenye bomba la maji, kwenye kinu cha unga, kwenye mlango wa choo. Nyingine nilikuwa nimezibandika Kawangware 46 karibu na soko. Kabla ya jua kutua hakuna iliyobaki, huku wala kule. Nikiwa bado na gundi mikononi, vijana wa mwenyekiti wakanisimamisha.

"Niaje, siste. Hizo makaratasi zako tumezisoma. Ukibandika tena, sisi ndio tutakusomea wewe."

Nilipofika kwa Mama alikuwa ameshasikia. Alininyang'anya karatasi zilizobaki akazisukuma chini ya benchi.

"Unataka meza yangu ivunjwe? Wewe unakaa Kawangware, unaenda ofisi. Mimi nikiamka nakutana na hao watu. Sitaki siasa kwa mafuta yangu."

"Mama, wamekuchukulia kura yako!"

"Na wakichukua meza nitakula kura?"

Hilo ndilo lililoniudhi zaidi, kwamba alikuwa na haki. Tulikuwa tunapigiana kelele kiasi kwamba mwenye nyumba wake akatoka. Huyo alikuwa mama wa Kinubi, wa uzao wa wale askari waliotolewa Sudan na Waingereza, wakatumikishwa vitani, kisha wakaachwa Kibera kulipokuwa bado msitu. Yeye na Mama hawakuwa marafiki. Walikuwa wamegombana sana juu ya paa linalovuja, mpaka wakawa wanasalimiana kwa kukohoa. Siku hiyo hakukohoa. Aliomba asomewe karatasi, nikamsomea, akamgeukia Mama.

"Mimi nimezaliwa hapa. Mamangu amezaliwa hapa. Siku nilienda kuandikishwa kitambulisho, wazee walinikalisha chini wakaniuliza babu yangu alizikwa wapi. Nikawapeleka mpaka kaburini, wakaangalia. Kitambulisho yangu nilikuja kuipata nikiwa na mjukuu mgongoni. Na bila hiyo hakuna kadi ya kura. Wewe ulipewa zote mbili, hakuna mtu alikuuliza kaburi ya mtu. Halafu umepeana moja kwa sababu ya kibanda ya mabati, na hata mabati yenyewe haijanunuliwa?"

Nilimtazama Mama akitazama mafuta, na samaki wakaungua mbele yake. Katika maisha yangu yote sikuwahi kumwona Mama akiunguza samaki. Akawatoa, akawatupa mtaroni, akafuta mikono. Kisha akainama chini ya benchi, akavuta karatasi moja, akalaza juu yake kichwa cha samaki mzuri, akakunja pembe nne kama alivyokunja magazeti maisha yake yote. Akampa mwenye nyumba.

"Peleka kwa watoto wako," alisema.

Hivyo ndivyo sheria ilivyoanza kuingia majumbani Kambi Muru, ikinuka samaki. Wateja wa kwanza walilalamika kwamba wino unashika kwenye nyama, basi Mama akaweka gazeti ndani na karatasi yetu nje. Ukuta unaweza kubanduliwa, lakini nani atabandua chakula cha jioni cha watu? Vijana wa mwenyekiti wenyewe walikuwa wateja wake. Walizibeba mpaka kwao, na huko kulikuwa na mama zao, na mama zao nao walikuwa wametoa kadi. Asiyejua kusoma alisomewa na mtoto anayetoka shule. Kawangware 46 nilimpa furushi mama mmoja Mluhya aliyeuza mandazi mlangoni kwetu. Mandazi hayana mafuta mengi, kwa hiyo karatasi za Kawangware zilisomeka vizuri zaidi, jambo ambalo Mama hakupenda kulisikia.

Nami niliendelea kuuliza baraza. Akina mama waliniletea maswali mezani kwa Mama: je, wakishaandika namba ya kadi yangu watajua nimempigia nani? Je, mume wangu anaweza kunipigia kura kwa kadi yangu? Niliyapeleka mjini, majibu yakarudi, nikachapa, yakafungiwa samaki. Yule bwana wa nchi ya baridi aliandika kuuliza tumefikia wapi. Sikumjibu.

Lakini kusoma ni kitu kimoja, na kubisha geti la mwenyekiti ni kingine. Kila mmoja alimsubiri mwenzake aanze. Ndipo Mama, asiyetaka siasa kwa mafuta yake, akasema neno ambalo mimi na mwanasheria wangu na baraza zima tusingelifikiria.

"Si aliahidi vibanda? Basi twende tukachukue vibanda."

Asubuhi ya Jumamosi iliyofuata walipanda kwenda Ayany na biashara zao. Mama alijitwika karai, mimi nikabeba jiko na mafuta. Kulikuwa na mwenye sukuma wiki, mwenye nyanya, mwenye mitumba na gunia lake, mwenye chapati na ubao wake. Mwenye nyumba wa Mama, ambaye kadi yake haikuwa imechukuliwa, alikuja na kigoda tu. Alisema anakuja kununua. Walijipanga mbele ya geti la mwenyekiti kama walivyojipanga kila siku njiani, Mama akawasha makaa, na moshi wa samaki ukaingia Ayany nyumba hadi nyumba.

Mwenyekiti alitoka amevaa kandambili.

"Mama samaki, kuna nini hapa?"

"Tumekuja kuanza biashara, Chairman. Si umesema tutapata vibanda?"

"Lakini hapa ni kwangu!"

"Na kadi zetu si ziko kwako?"

Hakuna aliyepiga kelele. Hilo ndilo lililomshinda. Angezomewa angejua la kufanya, angeita polisi. Lakini angewaambia polisi nini, kwamba kuna mtu anauza nyanya? Jirani mmoja alitoka kulalamika kwamba nguo zake alizoanika zitanuka, akasimama, akanusa, akanunua mkia. Mwenyekiti alinitazama mimi, na ndiyo mara ya kwanza sikuona tabasamu usoni mwake. Akaingia ndani. Aliporudi alikuwa na mfuko wa unga, na ndani ya mfuko zilikuwa kadi.

Alizitoa akisoma majina. Kila mama alipokea yake, akaiangalia, asiyesoma akaniletea nimhakikishie. Mfuko ukaisha. Mama alikuwa bado ameketi.

"Ya mama samaki imepotea," mwenyekiti alisema, akikunja mfuko.

Hapo niliogopa. Wengine walikuwa wamepata, walikuwa na watoto nyumbani, wangeweza kuondoka na hakuna ambaye angewalaumu. Mwenye sukuma alikuwa ameshanyanyua kikapu. Mama hakumtazama mtu. Alichukua samaki mwingine akamtumbukiza kwenye mafuta.

"Hakuna haraka," alisema. "Samaki wako wengi."

Mwenye sukuma akatua kikapu chini. Mwenye chapati akaanza kukanda unga upya. Mwenye nyumba wa Mama akasogeza kigoda chake karibu na geti kabisa, akaketi, akanyoosha miguu. Mwenyekiti akasimama, akakohoa, akapapasa mfuko wa shati.

"Ala! Kumbe iko hapa."

Mama alifuta mikono kwa leso, mkono mmoja kisha mwingine, polepole, ndipo akaipokea. Akaiingiza kifuani. Halafu akachagua kichwa kikubwa, akakifunga vizuri kwenye karatasi yetu, maneno yakiwa nje, akampa mwenyekiti kwa mikono miwili.

"Ya kukushukuru," alisema. "Kwa kunitunzia."

Tulishuka tukiimba. Lakini sitawadanganya kwamba mambo yaliishia kwenye wimbo. Wiki ile ile Mama aliamka akakuta meza yake imevunjwavunjwa na mbao zimetupwa mtaroni. Hakuna aliyeona, hakuna aliyesikia, katika mtaa ambao ukipiga chafya majirani wanakuombea. Mimi nililia, nikasema ni kosa langu. Mama aliniambia niache upuuzi nimsaidie kutafuta mawe. Aliweka karai juu ya mawe matatu, palepale, akakaanga akiwa amechuchumaa, na mvua ya mwaka ule isiyojua kukoma ikamnyeshea mgongoni. Wateja walikuja. Soko la mabati halikujengwa, na mpaka leo halijajengwa.

Siku ya kura nilipiga yangu Kawangware asubuhi, kisha nikatembea mpaka Kibera nikiwa na matope hadi magotini. Mama nilimkuta bado kwenye foleni ya shule, na nyuma yake mwenye nyumba wake, wamejifunika karatasi moja ya plastiki, wanagombana juu ya paa. Nilisimama kando nikangoja. Mama alipotoka alikuwa ameinua kidole chenye wino ili kisiguse nguo. Sikuwahi kumwona mrefu namna ile.

Na mimi, niliyechapa, niliyetukanwa na dunia nzima kwenye laini ya kulipiwa, niliyetishwa na vijana kwa ajili ya kadi ile, niliona nina haki ya kujua.

"Mama, umempigia nani?"

Alinitazama kama alivyomtazama mwenyekiti getini kwake.

"Nyara," alisema, "Chairman nimemnyang'anya kadi. Sasa na wewe unataka kura?"

Mwenye nyumba alicheka mpaka akanishika bega asianguke. Mama alishatangulia mbele za haki, miaka mingi sasa, na jibu amekwenda nalo. Watu huniuliza kama sitamani kulijua. Sitamani. Kura ilikuwa yake.